Kuhakiki tamthilia za Kihindi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikiandika mapitio ya tamthilia za Kihindi kwa miaka kadhaa, na maswali ni yaleyale. Mengine huja kwa ujumbe wa simu, mengine saluni nikiwa nimeinamishiwa kichwa kwenye sinki, na moja niliulizwa msibani, sinia la pilau halijafika. Nimeyakusanya hapa. Sikuyapanga kwa umuhimu, nimeanza tu na lile linalonichosha zaidi.

"Tamthilia ya Kihindi" ni ipi hasa?

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Kwa Kiswahili, Kihindi ni lugha, na hapohapo ni kila kitu kilichotoka India. Lakini jedwali la nane la katiba ya India lina lugha 22, na sinema na tamthilia hutengenezwa kwa nyingi kati ya hizo: Kihindi huko Mumbai, Kitamil huko Chennai, Kitelugu huko Hyderabad, Kibengali huko Kolkata, Kimalayalam katika jimbo la Kerala. Anupamaa, ambayo nusu ya wanaoniandikia wanaifuata, ni ya Kihindi na ilianza Star Plus mwaka 2020, ila mifupa yake ni ya tamthilia ya Kibengali iitwayo Sreemoyee. Kwa hiyo anayetazama familia moja ya Kigujarati kisha akaandika "Wahindi ndivyo walivyo" ni sawa na mgeni aliyealikwa harusi moja Pemba akarudi kwao kuwaeleza watu tabia za Waafrika.

Mimi ninazigawa mafungu matatu: tamthilia za kila siku, zile za mama mkwe na mkaza mwana; filamu; na mifululizo mifupi ya mtandaoni kama Delhi Crime ya 2019, iliyopata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka uliofuata. Kila fungu lina kipimo chake. Kuilaumu tamthilia ya kila siku kwa kujirudia ni kumlaumu mpiga ngoma kwa kurudia pigo.

Mbona haziishi?

Kwa sababu hazikuandikwa ziishe. Tamthilia ya kila siku hulipiwa na matangazo ya biashara, matangazo hufuata watazamaji, na hesabu ya watazamaji hutoka kila wiki. Namba zikiwa juu, hadithi inaendelea. Zikishuka, mtu anapata ajali, anapoteza kumbukumbu, au hadithi inaruka miaka ishirini na watoto waliokuwa wananyonya jana leo wanachumbiwa.

Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza tarehe 3 Julai 2000, kwenye Star Plus, usiku uleule Amitabh Bachchan alipoanza shindano la maswali la Kaun Banega Crorepati kwenye chaneli hiyohiyo. Ikaenda hadi Novemba 2008, sehemu zaidi ya 1,800. Jina lake lenyewe ni muhtasari: kwa sababu hata mama mkwe aliwahi kuwa mkaza mwana. Katikati ya safari waandishi wakamuua Mihir, mume wa Tulsi, mkaza mwana wa hadithi. Watazamaji wakaja juu, na Mihir akarudi duniani. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tungewaambia mapema kwamba steringi hafi.

Basi unahakikije kitu chenye sehemu elfu mbili?

Sizitazami zote. Anayekwambia amezitazama zote, na ana kazi na watoto, muulize nani anampikia. Natazama ishirini za mwanzo, maana ndizo zilizoandikwa kwa utulivu. Natazama harusi, kwa sababu harusi moja inaweza kula wiki mbili na siri nyingi hufumuka humo. Natazama wiki ya kwanza baada ya kila mruko wa miaka. Halafu nachukua wiki yoyote ya katikati, bila kuchagua, nione kama kuna uhai siku ambazo hakuna sherehe wala mochwari.

Na nina daftari lenye swali moja juu ya kila ukurasa: nani anaambiwa asamehe? Mkosaji huwa anajulikana, muziki unakutajia kabla hajafungua mdomo. Mimi nasubiri baada ya kosa, ukoo mzima ukishakaa sebuleni kwenye makochi ya dhahabu, nione macho yanamgeukia nani na kumwambia yaishe. Nikiandika majina hayo kwa miezi miwili, naijua tamthilia inaamini nini, hata kama maandishi yanayopita mwishoni yanahubiri kingine.

Kwa nini kwao mwanamke ndiye anayelipa mahari?

Halipi mahari. Hili ndilo kosa namba moja kwenye mapitio ya Kiswahili, nami nimelifanya. Mahari kwetu hutoka upande wa mwanamume kwenda kwa mwanamke au wazazi wake. Dahej inasafiri njia ya kinyume: dhahabu, gari, jokofu na fedha taslimu kutoka nyumbani kwa binti kwenda kwa familia ya mume. Watafsiri wakiita "mahari", mtazamaji wa Tanga au Mombasa anabaki anajiuliza mbona baba wa binti analia ilhali ndiye anayepokea. Siku hizi naacha neno dahej lilivyo, naeleza mara moja, naendelea.

Sheria ya kuipiga marufuku ipo tangu 1961: kutoa ni kosa, kupokea ni kosa. Haikutosha. Mwaka 1983 ikaongezwa kwamba mume au jamaa zake wakimtesa mke ni jinai, na 1986 likaja kosa la kifo cha dahej. Mke akifa kwa kuungua, kwa majeraha, au kwa namna isiyo ya kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikathibitika alikuwa akisumbuliwa kwa ajili ya dahej muda mfupi kabla ya kufa, mume au jamaa huhesabiwa ndio waliomuua. Vifungu hivyo sasa vimo katika sheria mpya ya jinai iliyoanza kutumika Julai 2024.

Ukiyajua hayo utaelewa kwa nini mtazamaji wa India anakaza mgongo mapema kuliko wewe, anapomwona mkaza mwana mpya anaingia jikoni peke yake na kamera inabaki kwenye jiko la gesi.

Mama wakwe wote ni wabaya hivyo?

Hapana, hata ndani ya tamthilia zenyewe. Kokila wa Saath Nibhaana Saathiya ni mkali kama pilipili kichaa, lakini ndiye anayemsimamia mkaza mwana wake Gopi mbele ya dunia nzima. Jiulize kwa nini vita iko jikoni na si kwingine. Katika ukoo unaoishi pamoja, mtoto wa kiume anabaki, binti anaondoka, na mke anaingia kama mgeni. Binti wa familia ya Kihindu alipata haki sawa na kaka zake katika mali ya pamoja ya ukoo mwaka 2005 tu, sheria ya urithi iliporekebishwa. Mwanamke aliyeolewa miaka ya sabini alikuwa na mtaji mmoja, mwanawe. Sasa anaingia msichana wa miaka ishirini na mbili na huyo mwana anacheka naye chumbani.

Tazama funguo. Kuna shada la funguo za kabati linalofungwa kwenye pindo la sari, kiunoni. Siku linapobadili kiuno, hadithi imehama.

Balika Vadhu ilisaidia kupinga ndoa za utotoni, au ilizifanya zipendeze?

Swali bora kuliko yote, na nimebadili jibu langu mara mbili.

Ilianza Julai 2008 kwenye chaneli ya Colors ikamalizika Julai 2016, sehemu zaidi ya 2,000. Anandi, mtoto wa miaka minane, anaozwa kwa Jagdish, mtoto mwenzake, huko Rajasthan. Sheria ya kuzuia ndoa za utotoni ya 2006 ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kazi: miaka 18 kwa msichana, 21 kwa mvulana. Na haikuwa ya kwanza, kulikuwa na nyingine tangu 1929, wakati wa Mwingereza. Kwa hiyo nchi ilikuwa na takriban miaka themanini ya kukatazwa, na bado hadithi ilikuwa ya leo.

Kilichonikamata ni vitu vidogo. Anandi anataka kucheza, anataka shule, na nyumba nzima inaongozwa na bibi, Dadi Sa, aliyeigizwa na marehemu Surekha Sikri kwa macho tu: anageuza shingo polepole na hata wewe uliye Kariakoo unashusha miguu kutoka kwenye kochi. Kuna Sugna, dada wa Jagdish, anayefiwa na mume kabla maisha ya ndoa hayajaanza, na mara moja nguo za rangi zinatoka mwilini mwake, kwa kuwa ni mjane. Ndoa ya mjane wa Kihindu iliruhusiwa kisheria mwaka 1856. Sugna anaolewa tena baada ya kupigania kila hatua, zaidi ya miaka 150 baadaye.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba inasaidia. La pili, baada ya kuona lehenga ndogo, ile sketi ndefu ya sherehe, na vikuku vya Anandi vikisifiwa kila mahali, lilikuwa kwamba inapamba jeraha. Sasa ninagawa. Miaka ya utoto ni kazi ya kweli, kwa sababu humo madhara yanaonekana yanatendwa na watu wanaompenda mtoto. Anandi akishakuwa mtu mzima, Jagdish anakwenda kusomea udaktari mjini na kuoa mwingine, na kwa miezi tunaonyeshwa uvumilivu wa Anandi kama sifa. Rudi kwenye daftari: anayeambiwa asamehe ni yeye. Ila baadaye anaolewa na ofisa mkuu wa wilaya, na Jagdish anaporudi akijuta hapokelewi. Hapo waandishi waliniziba mdomo.

Mtazamaji wa Tanzania asiseme haya ni ya Wahindi. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na Mahakama ya Rufani ikaja kukubaliana mwaka 2019 na Mahakama Kuu kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Nilipoandika mapitio haya kwa mara ya kwanza, shangazi yangu aliyasoma, akavua miwani, akasema yeye aliolewa na miaka kumi na minne, kisha akauliza kama kuna chai.

Lakini si wanafundisha? Mwishoni wanaweka mafunzo.

Mafunzo ya mwishoni ni ya tangu Hum Log, tamthilia ndefu ya kwanza ya televisheni ya taifa, mwaka 1984. Mwigizaji mkongwe Ashok Kumar alikuwa anatokea kila sehemu ikiisha kuzungumza na watu kuhusu yaliyotokea. Serikali ilitaka kueneza uzazi wa mpango na hadhi ya mwanamke. Humo alikuwamo mama, Bhagwanti, mwenye kuvumilia kila kitu, aliyewekwa ili watu waone ubaya wa kujifuta namna ile. Watazamaji wengi wakampenda na kumwona mfano wa kuigwa!

Kwa hiyo maandishi ya mwishoni siyahesabu. Nahesabu nani kapewa muziki mzuri.

Kofi moja tu, kwa nini avunje ndoa?

Hilo ni la wanaume, na linahusu filamu ya Thappad ya 2020. Nawajibu kwa kuwaomba waitazame tena kuanzia asubuhi za mwanzo. Amrita anaamka kabla ya wote. Anachukua maziwa mlangoni, anachuma majani ya kutia kwenye chai, anampima sukari mama mkwe, anamkimbiza mume garini huku akimlisha, anamshikia pochi. Tunaonyeshwa asubuhi hiyo zaidi ya mara moja na hakuna anayemwonea, wote wanampenda. Kisha kwenye sherehe nyumbani kwao mume, aliyekasirishwa na mambo ya kazini, anamzaba kofi mbele ya wageni. Na ulimwengu mzima unaanza kumweleza Amrita kwamba mume alikuwa na msongo. Mama mkwe anasema, mama mzazi anasema. Sijawahi kujaza ukurasa wa daftari haraka namna ile. Anayesimama naye bila kusita ni baba yake, na hata huyo baadaye anagundua alichomnyima mkewe mwenyewe.

Pembeni kuna mfanyakazi wa ndani anayepigwa na mumewe kila kukicha. Wahakiki wengi wanampita. Mimi naona ndiye anayeizuia filamu isiwe hadithi ya matajiri wenye wakili.

Dada yake Thappad kutoka kusini ni The Great Indian Kitchen, ya Kimalayalam, ya 2021. Mke na mume humo hawana majina. Baba mkwe anataka wali uchemshwe kwenye kuni, wa kwenye jiko la presha haumpendezi, na nguo zake zisifuliwe kwa mashine. Mume, mwalimu, anatafuna mboga na kutema makapi mezani kando ya sahani, na mke anakula akiwa amekaa mbele ya makapi yale. Bomba la sinki linavuja. Anamwambia mume aite fundi, mume anasahau. Anamwambia tena. Tunaona maji machafu yanadondoka kwenye ndoo, tunaona mikono inaingia kwenye uchafu, tunaona anajinusa vidole. Hakuna anayepiga kelele, hakuna ngurumo. Nilipoimaliza nilikwenda kuangalia sinki langu.

Tofauti na Thappad, hii haimwombi mtu yeyote asamehe. Maji yale ya ndooni yanapata mahali pa kwenda. Na baada ya hapo kuna tukio dogo la mume akiwa na mke mpya, katika jiko lilelile, nalo ni baya kuliko ugomvi wote.

Tamthilia za kila siku zinaweza kufika huko?

Mara moja moja, na kwa kelele zaidi. Katika Kyunki, Tulsi alimpiga risasi mwanawe mwenyewe, Ansh, aliyekuwa akimwingilia mkewe kwa nguvu. Watu wanalikumbuka kama tukio la bunduki. Mimi nalikumbuka kwa sababu mpaka leo sheria ya jinai ya India, hata hii mpya, haihesabu kuwa ni ubakaji mume akimlazimisha mke aliyetimiza miaka 18. Tamthilia inayochekwa kwa sari na vito ilitangulia mbele ya sheria, kisha wiki iliyofuata ikarudi kwenye vipodozi.

Ni kweli mtu aliosha kompyuta?

Kweli. Gopi, yule wa Saath Nibhaana Saathiya, asiyesoma shule, alichukua kompyuta mpakato ya mumewe akaisugua kwa sabuni na maji, akaianika kamba ya nguo. Watu wamecheka miaka yote hii. Mwaka 2020 wakacheka tena, mwanamuziki Yashraj Mukhate alipogeuza ukali wa Kokila, akiuliza nani alikuwa jikoni, kuwa wimbo.

Ila mtazame usoni anapoianika. Anafurahi, amefanya jambo la upendo kwa njia pekee aliyofundishwa.

Mbona hawagusi mambo ya tabaka la kuzaliwa?

Kwa sababu nyumba kubwa ya tamthilia ya kila siku ina mali na haina jina la tabaka. Unaliona kwa kutokuwepo: ni nani anapika, nani anafagia, jina la ukoo gani lipo kwenye kibao cha mlangoni, ni wachumba wa ukoo gani ambao hawatajwi kabisa. Katiba ya India ya 1950, ibara ya 17, ilifuta desturi ya kuwahesabu baadhi ya watu kuwa najisi wasioguswa. Anayetaka kuona kilichobaki aende kwenye filamu, hasa Sairat ya Nagraj Manjule, ya Kimarathi, ya 2016. Kijana wa tabaka la chini na binti wa mwenye ardhi wanapendana, wanaimba, wanakimbia. Nusu ya kwanza ni tamu kiasi kwamba unajilaumu baadaye. Sitasema zaidi, ila mtoto mdogo anatembea katika tukio la mwisho na hakuna muziki. Ilirudiwa kwa Kihindi mwaka 2018 kwa jina la Dhadak, na suala la tabaka likapunguzwa mpaka likawa kama tofauti ya matajiri na maskini. Ukitaka zoezi la uhakiki, tazama zote mbili wikiendi moja.

Naangalia iliyotiwa sauti ya Kiingereza au Kiswahili. Naweza kuhakiki?

Unaweza, ila sema wazi ulichosikia. Chaneli ya Zee World ilipoanza Afrika mwaka 2015 ilikuja na sauti za Kiingereza, na wengi wetu tulizijua tamthilia hizi kwa njia hiyo. Wengine tulizijua zaidi kwa wale wasimulizi wa Kiswahili wanaoongea juu ya picha, akina Lufufu Dar es Salaam na DJ Afro Kenya, ambao wana haki ya kuitwa waandishi wenza wa kila sinema waliyoigusa.

Kinachopotea ni "wewe". Kihindi kina "wewe" tatu. Aap ni ya heshima, tum ni ya mazoea, tu ni ya wa ndani kabisa, ya Mungu, au ya kumshushia mtu hadhi. Katika tamthilia nyingi mke anamwita mume aap, na mume anamjibu tum, na hakuna anayeona ajabu. Jina la mume halitamki, anasema tu "sikilizeni", kwa umbo la heshima, kama mama zetu walivyosema "baba fulani". Basi siku mke anapoteremka kutoka aap hadi tum, nyumba imetikisika, nasi tuliovaa sauti ya kigeni tumesikia "you" ileile.

Niliwahi kuandika kwamba mhusika mmoja amemvunjia mumewe heshima, kwa sababu mtia sauti wa Kiingereza alifoka. Nikaja kusikia sauti ya asili: alikuwa analia, na alikuwa bado anasema aap. Nilifuta mapitio yote. Tangu siku hiyo matukio makubwa nayatafuta kwa Kihindi chenyewe hata kama naelewa neno moja kwa matano.

Kile chungu cha mchele mlangoni, na ule wekundu kwenye nywele?

Bibi harusi anapoingia kwa mumewe mara ya kwanza anakisukuma kwa mguu wa kulia chungu kidogo chenye mchele, umwagike ndani: neema imeingia. Wekundu ni sindoor, mume huupaka kwenye mstari wa nywele, na mke huendelea kuupaka maadamu mume yuko hai. Mkufu wa shanga nyeusi ni mangalsutra. Waandishi wanavitumia kama sheria ya kimwili: sindoor ikimwagika kwa bahati mbaya kichwani mwa msichana, basi wameshaoana, na hakuna mtu ukumbini anayeona kwamba huo ni upuuzi. Siku ya Karva Chauth wake wanafunga tangu kabla ya jua kuchomoza mpaka mwezi utokee, wanautazama kupitia chekeche, kisha wanamtazama mume, naye anawapa maji. Hina na manjano ya kusugua mwili hayahitaji maelezo kwa msomaji wa pwani. Anaijua singo.

Kwa nini kamera inaurudia uso mara tatu?

Kwa sababu sehemu ina kama dakika 22 na hadithi ina dakika kumi.

Hazituharibii dini na utamaduni?

Babu zetu walijaza kumbi za Majestic na Empire za Unguja kutazama sinema za Kihindi, na wakaenda msikitini. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za sinema hizo akazitilia mashairi ya Kiswahili, na leo watu wanaziimba harusini kama mali ya Mvita. Tumekula na hawa watu muda mrefu. Ibada za Kihindu utaziona kila wiki, na mhakiki mwenye adabu anaeleza kinachofanyika bila kukejeli, kama ambavyo angependa maulidi yaelezwe. Ninachokilalamikia ni kingine: nyoka wanaogeuka wanawake, na yule Simar wa Sasural Simar Ka aliyegeuzwa nzi. Hilo halina uhusiano na dini ya mtu yeyote, ni namba zilikuwa zimeshuka.

Watoto watazame?

Filamu za India hupewa daraja na bodi ya ukaguzi, na daraja A maana yake watu wazima tu. Tamthilia za kila siku hazikaguliwi hivyo kabla ya kurushwa. Mimi nakaa nao. Wa kwangu waliuliza kuhusu Anandi maswali ambayo nisingependa wamuulize mtu mwingine.

Unaharibu utamu kwa kusimulia mwisho?

Kwenye filamu nanyamaza au natahadharisha. Kwenye tamthilia ya kila siku hakuna mwisho wa kuharibu.

Nina jioni tatu tu. Nianze wapi?

Jioni ya kwanza Laapataa Ladies ya 2024: maharusi wawili wenye shela zinazofanana wanapotezana kwenye treni, utacheka, na usiku utajikuta unaifikiria. Ya pili Thappad. Ya tatu sehemu tano za mwanzo za Balika Vadhu, kwa sauti ya asili ukizipata.

Mbona huweki nyota?

Niliweka zamani. Watu walisoma nyota wakaacha maneno.

Kyunki imerudi. Mapitio yako wapi?

Imerudi Julai 2025, na anayeigiza Tulsi ni Smriti Irani yuleyule, ambaye katikati ya hapo alikuwa waziri, pamoja na wizara ya wanawake na watoto. Nimefungua ukurasa mpya wa daftari. Nasubiri iruke miaka kwanza.